YUKO WAPI NDUGU YAKO?

Ndugu msomaji, karatasi hii umepewa bure hapa uwanjani, usiikunje ukafungia karanga kabla hujaisoma. Ina neno kwa mtu aliyepotelewa na mtu wake. Ina neno pia kwa mtu anayejua huyo aliyepotea alipelekwa wapi, na amenyamaza. Inawezekana kabisa nyote wawili mmesimama kwenye mkutano mmoja leo, mnaimba pambio moja.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Siku moja baada ya mahubiri watu walipanga mstari kuombewa. Akaja mama mtu mzima, akafungua fundo la kanga yake, ndani mlikuwa na picha ndogo ya pasipoti ya kijana. Akasema, "Mchungaji, huyu mwanangu aliondoka nyumbani hajarudi, ni miaka sasa. Nifundishe. Nimwombee kama mzima, au nilie kama wanavyolia waliofiwa?" Ndugu zangu, mimi ninayejua kukemea mapepo nilikosa jibu. Nyuma yake watu walikuwa wengi wanasubiri. Nikamwekea mkono kichwani, nikasema maneno mawili matatu ya haraka, "pokea amani mama," nikaita mwingine. Akafunga picha yake kwenye kanga akaenda zake. Hakupokea amani yoyote, nilimwona usoni. Karatasi hii ni deni langu kwake.

MUNGU ALIFUNGUA JALADA

Fungua Mwanzo sura ya 4. Mtu wa kwanza kupotea duniani ni Habili. Ametoka na kaka yake kwenda uwandani, wakarudi sio wawili, karudi mmoja. Nani alianza kuuliza? Sio polisi, hawakuwepo. Sio baba yake Adamu, Biblia haituambii kwamba aliuliza. Ni MUNGU! Alikuwa anajua kila kitu, mwili ulipo anaujua, lakini hata hivyo alimsimamisha Kaini akamuuliza ndugu yake yuko wapi. Na Kaini akatoa jibu ambalo wauaji wanalitumia mpaka leo: sijui. Halafu akaweka kiburi juu yake, eti nani kamfanya yeye mlinzi wa mtu!

Angalia hapo, mpendwa. Mungu hakusema, "Basi, kwa kuwa hakuna shahidi, tufunge faili." Alisema damu inamlilia kutoka ardhini (Mwa. 4:10). Shahidi hakuwepo, ardhi ikawa shahidi! Kwa hiyo wakikuambia kuuliza habari za mtu aliyepotea ni uchochezi, ni kujitafutia matatizo, jua kwamba wa kwanza kuuliza swali hilo ni Bwana wa majeshi.

KIBITI, NOVEMBA 2017

Mimi si mtu wa siasa, nahubiri Yesu. Lakini nitataja jina, kwa sababu Biblia nayo inataja majina.

Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa habari wa kujitegemea, akiandikia magazeti ya Mwananchi na The Citizen kutoka Kibiti, mkoa wa Pwani. Miaka ile Kibiti na Rufiji palikuwa pabaya. Viongozi wa vijiji waliuawa, polisi waliuawa. Siku moja tu ya Aprili 2017 askari 8 walipigwa risasi wakafa. Na hao askari nao walikuwa na mama zao, tusisahau. Azory akawa anaandika habari za mauaji hayo.

Tarehe 21 Novemba 2017 akachukuliwa. Kwa maelezo ya mkewe, watu walifika naye mpaka shambani alikokuwa yeye, wako kwenye gari jeupe aina ya Toyota Land Cruiser. Azory akiwa ndani ya gari akamwuliza ufunguo wa nyumba uko wapi, akamwambia amepata safari ya dharura na atarudi. Mama yule aliporudi nyumbani akakuta vitu vimepekuliwa, vimetawanywa. Alikuwa mjamzito. Mtoto akazaliwa, baba hajaonekana. Mpaka leo hajaonekana.

Mwaka 2019, mwezi wa saba, waziri wa mambo ya nje wa wakati huo alihojiwa na BBC, na maneno yake yakasikika kwamba Azory alipotea na kufa. Jamani! Mke asikie kwenye redio! Baadaye ikasemwa kuwa maneno yale yalieleweka vibaya, hakuwa na maana hiyo. Sasa familia ishike lipi? Mwaka mmoja kabla ya Azory, Novemba 2016, alikuwa ametoweka Ben Saanane, msaidizi wa mwenyekiti wa CHADEMA wa wakati ule, naye hakuonekana tena. Ndipo nchi ikajifunza msemo mpya: "watu wasiojulikana."

Wasiojulikana kwa nani? Nauliza tu. Mke wao anawajua. Aliyeendesha gari anamjua aliyekaa nyuma. Zaburi ya 139 inasema hata giza kwa Mungu ni kweupe kama mchana. Mbinguni hakuna mtu asiyejulikana!

SI MKE, SI MJANE

Mtu akifa, hata akifa vibaya, kuna matanga. Watu wanakuja na mikeka, wanapika, wanachanga. Unalia, unazika, siku zinakwenda. Lakini aliyepotelewa hana kaburi wala matanga. Mbwa akibweka usiku anainuka. Simu ya namba ngeni ikiita mkono unatetemeka. Nguo za mume ziko kwenye sanduku, akizigawa atajiona amemuua, akizitunza zinamuua yeye. Anataka kutoa hela ya mumewe benki, anaulizwa cheti cha kifo. Mashemeji nao wanaanza kuulizia shamba.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ya mwaka 1971, inasema mtu asiposikika kwa miaka 5 na wale ambao angepaswa kuwasiliana nao kama yu hai, mahakama inaweza kumchukulia amekufa, ila mtu akileta ushahidi wa kinyume, dhana hiyo inavunjika. Ni msaada, siipingi. Mjane anahitaji kulisha watoto. Lakini sheria hiyo haisemi nani alifanya. Inafungua akaunti ya benki, haifungui mdomo wa aliyemchukua.

WAZEE WALIPIMA KWA MIGUU

Hapa naomba usome polepole, Kumbukumbu la Torati 21:1-9. Wahubiri wengi tunaruka sura hii. Mtu amekutwa ameuawa porini, muuaji hajulikani. Mungu anasema wafanye nini? Waseme ni mapenzi ya Mungu? Hapana! Wazee na waamuzi watoke wenyewe, wapime umbali kutoka pale ulipo mwili mpaka miji ya jirani. Mji ulio karibu ndio unaobeba mzigo. Wazee wake walete ndama jike ambaye hajawahi kufanya kazi, wamshushe kwenye bonde lenye maji yasiyokauka, wamvunje shingo, wanawe mikono juu yake, na waseme hadharani kuwa mikono yao haikumwaga damu ile na macho yao hayakuona.

Ndugu yangu, huo ni utaratibu wa kesi ambayo HAIJATATULIWA. Mungu aliweka sheria yake. Wakubwa wasikae ofisini kusema "uchunguzi unaendelea." Watoke! Wapime! Waape mbele ya watu! Pilato naye alinawa, lakini alinawa akijua anachofanya, maji yale hayakumsaidia kitu. Mzee wa mtaa, mwenyekiti wa kijiji, askari, mchungaji mwenzangu, mtu alipotea kwenye eneo lako. Ulipima? Jina lake lilitajwa lini mara ya mwisho kanisani kwako?

WALIOMUUZA NDIO WALIOMPA POLE

Sasa nakuja kwa wewe unayejua.

Mwanzo 37. Wale kaka walimuuza Yusufu, wakachinja mbuzi, wakachovya kanzu kwenye damu, wakampelekea mzee wamuulize kama anaitambua. Kumbe wanaijua vizuri! (Laiti kungekuwa na maabara siku zile, ile damu ya mbuzi isingemaliza hata asubuhi moja.) Yakobo akararua nguo, akakataa kufarijiwa. Na waliosimama kumfariji ni nani? Watoto wake, pamoja na hao hao waliomuuza! Wamekaa msibani, wanampa baba pole, wanakula naye, na siri wanayo tumboni. Hesabu mwenyewe: Yusufu alikuwa na miaka 17 alipouzwa, alisimama mbele ya Farao akiwa na 30, ikaja miaka 7 ya shibe na 2 ya njaa. Miaka 22 mzee analia, na jibu linalala nyumba moja naye.

Inawezekana wewe uliendesha tu gari. Au ulishika tochi. Ulionyesha tu nyumba. Uliambiwa ni amri. Na leo umekuja mkutanoni unataka kuokoka. Karibu, damu ya Yesu inaosha dhambi hiyo, sitakudanganya. Lakini Zakayo alipookoka alisimama akarudisha mara nne. Wewe umechukua mtu. Kama yu hai, sema yuko wapi. Kama hayupo, sema kaburi liko wapi. Toba inayomficha mama mahali mwanawe alipo bado haijafika madhabahuni.

WANAWAKE WA VITAMBAA VYEUPE

Huko Argentina, Amerika ya Kusini, wanajeshi walichukua nchi mwaka 1976, na vijana wakaanza kupotea kwa maelfu. Tarehe 30 Aprili 1977 akina mama 14 wakaenda kusimama kwenye uwanja wa Plaza de Mayo, mbele ya ikulu, kuuliza watoto wao wako wapi. Walipoambiwa ni marufuku kusimama kikundi, wakaanza kutembea wakizunguka. Wakavaa vitambaa vyeupe kichwani. Kila Alhamisi. Waliitwa vichaa. Azucena Villaflor, mmoja wa walioanzisha, naye akachukuliwa Desemba mwaka huo huo. Wenzake wakaendelea kuzunguka! Mwili wake ulikuwa umetupwa na bahari ufukoni, ukazikwa bila jina. Mwaka 2005 wataalamu wa mifupa wakaupima, wakamtambua. Miaka 28! Na maofisa wengi wa utawala ule walifikishwa mahakamani wakiwa wazee, wakafungwa.

Ndiye yule mjane wa Luka 18. Wengi tunamhubiri kama mfano wa maombi, tunasahau miguu yake. Hakufunga akakaa chumbani tu. Alikwenda kwa kadhi, tena kadhi mbaya asiyemcha Mungu, akaenda tena, mpaka yule bwana akachoka.

Kwa hiyo wewe uliyepotelewa, omba, na uende. Usisubiri. Nenda kituoni, chukua namba ya RB, ujue jina la mpelelezi. Andika kwenye daftari tarehe, saa, nguo alizovaa, namba za simu, gari lililoonekana, na nani alikujibu nini siku gani. Pita hospitali na vyumba vya maiti, ni vigumu, nenda na mtu. Kama unaamini ameshikiliwa mahali, mwanasheria anaweza kupeleka maombi Mahakama Kuu ili wanaomshikilia waagizwe kumleta. Unaweza kukataliwa. Kadhi wa Luka naye alikataa kwanza.

Usiende kwa mganga. Atakuonyesha mtu kwenye kioo na beseni la maji, atataja jirani yako, mtachomana nyumba bure. Na nabii anayekuambia "namwona yuko kisiwani anafua nguo, leta sadaka ya ukombozi," huyo naye ni mganga, amevaa suti tu. Nimekasirika kuandika hili, lakini wako, wanakula machozi ya watu.

SALA YA ANAYEJUA

Kama ni wewe, piga magoti hapo ulipo, sema hivi kwa kinywa chako:

Bwana Yesu, umeniuliza ndugu yangu yuko wapi, na mimi nilijibu sijui. Nilidanganya. Najua njia tuliyopita, najua mahali. Nisamehe, unioshe kwa damu yako. Nipe nguvu ya kusema hata kama nitafungwa. Nipeleke kwa mama yake. Amina.

Ukimaliza usirudi kulala. Mtafute mchungaji au mwanasheria unayemwamini, mwende pamoja ukaseme.

Na wewe mama wa picha, kama karatasi hii imekufikia: siku ile nilikuombea vibaya. Umeuliza mzima au marehemu. Luka 20:38 inasema kwake Mungu wote wanaishi, kwa hiyo taja jina lake mbele zake kila siku na uombe KWELI ijulikane, hiyo haihitaji ujue kwanza kama yu mzima. Njoo tena na picha yako. Safari hii utapita mbele ya mstari, na nitakuuliza jina lake, maana siku ile hata hilo sikuuliza.