Uliona, au uliambiwa?

Aliyeona ni mmoja, waliosimulia ni mtaa mzima. Ajali ikitokea barabarani asubuhi, jioni kila mtu anajua dereva alikuwa anakimbiza kiasi gani na kwamba simu ilikuwa sikioni. Uliza nani alikuwepo, watu wanatazamana. Mahakama zinalijua hilo. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967, sawa na ya Kenya, inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: jambo la kuonekana lielezwe na aliyeliona mwenyewe, la kusikika na aliyelisikia mwenyewe. Aliyeona anaweza kuulizwa. Ulisimama wapi? Taa zilikuwa zinawaka? Gari lilikuwa umbali gani na wewe? Aliyeambiwa hana la kujibu hapo, hata awe mkweli kiasi gani, kwa sababu hakuwepo. Si kwamba macho hayakosei. Hukosea sana, na ndiyo maana maswali hayo huulizwa. Kwenye makundi yetu ya simu hakuna anayeuliza, tunasambaza tu, na mtu anarudi nyumbani akakuta jina lake limeshachafuka. Jambo hili linaniuma, maana kuanza na "nimeambiwa" hakumgharimu mtu chochote, na humwachia msikilizaji nafasi ya kupima kabla hajaamini.