Ni kweli au si kweli?



Mwaka juzi, saa nne usiku, rafiki yangu alinipigia simu. Nilidhani anaulizia mazoezi ya kwaya. Akasema, "Kaka, wakili anataka shahidi aliyekuwepo kwenye sherehe. Wewe utasema tu nilikunywa mbili. Basi."

Hakunywa mbili. Ilikuwa sherehe ya Kipaimara ya mdogo wake, kreti zimepangwa chini ya turubai kama tunavyojuana, na mimi nilihesabu tano kabla sijaacha kuhesabu. Ya nne nilimpelekea mwenyewe. Alipowasha pikapu ya mjomba wake nilimfungulia geti, nikamwambia, "Taratibu, kaka." Hakufika mbali. Kwenye kona akamgonga kijana wa bodaboda, mguu ukavunjika mahali pawili. Trafiki walipofika wakampa kipima ulevi apulize, kikaonyesha amezidi. Sheria yetu imeweka mwisho kwenye miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, na yeye alikuwa ameupita.

Kesi imeshaisha, na ameniruhusu kuandika mradi nisimtaje jina. Naandika kwa sababu tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo sijasikia likijibiwa kwenye semina zetu za vijana. Mkristo anayejua kwamba amekosa, anaruhusiwa kujitetea mpaka wapi?

Nianze na lisilo kosa. Kuweka wakili si dhambi. Baadhi yetu tunaona kwamba Mkristo mzuri akishtakiwa anapaswa akubali kila kitu, ainamishe kichwa, aende jela akiimba. Kanisa halifundishi hivyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, aliliandikia suala la mshtakiwa swali zima. Anasema mtu halazimiki kuyatoa yote aliyonayo moyoni. Hakimu akimuuliza kwa kufuata sheria, lazima ajibu ukweli, lakini yale ambayo sheria haimlazimishi kuyasema anaweza kuyaacha. Asichoweza kamwe ni kusema uongo. Kunyamaza ni kitu kimoja, kudanganya ni kingine.

Na sheria za siku zetu zimempa mshtakiwa nafasi kubwa kuliko za siku zake. Jamhuri ndiyo inayotakiwa kuthibitisha, tena pasipo kuacha shaka. Mimi naona hilo ni jema. Soma Danieli sura ya 13, habari za Susana. Wazee wawili wenye heshima zao wanamzulia uzinzi, mkutano mzima unaamini, anapelekwa kuuawa. Kijana Danieli anawatenganisha wale wazee na kumuuliza kila mmoja: uliwaona chini ya mti gani? Kila mmoja anataja mti wake. Ndugu zangu, hiyo ni kazi ya wakili, na imo katika Biblia yetu. Wakili wa rafiki yangu alipomuuliza askari kile kifaa kilikaguliwa lini mara ya mwisho, alikuwa anafanya kazi ya Danieli, ingawa mteja wake hakuwa Susana. Kifaa kibovu kikiachwa bila kuulizwa, kesho kitampima mtu aliyekunywa soda.

Mpaka hapo sina shida. Shida yangu inaanzia kwenye neno moja.

Mahakamani kwetu shtaka likishasomwa mshtakiwa anaulizwa: ni kweli au si kweli? Wenzetu wanaotumia Kiingereza hujibu kuhusu hatia, kama wana hatia au hawana. Sisi tunaulizwa ukweli. Hata Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema hivyo, kwamba mshtakiwa aulizwe kama anakubali au anakana ukweli wa shtaka. Rafiki yangu alikuwa na mashtaka mawili. La kuendesha kwa uzembe alilijibu "ni kweli." La kuendesha akiwa amelewa akajibu "si kweli." Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, na lile neno lilinichoma kana kwamba nimelisema mimi.

Je, alidanganya? Nimelizungusha sana kichwani. Upande mmoja, kila mtu katika chumba kile anajua maana ya "si kweli." Hakimu anajua, mwendesha mashtaka anajua, hata karani. Maana yake ni "thibitisheni." Hakuna aliyedanganyika, na uongo usio na mtu wa kudanganyika ni uongo wa namna gani? Upande wa pili, mdomo ni mdomo. Alijua. Na sidhani kama Mtakatifu Tomaso angemwachia kirahisi hivyo, maana kwake hakimu anayeuliza kihalali anastahili ukweli.

Baadaye nilijifunza jambo ambalo ningependa kila kijana alijue. Mshtakiwa akikataa kujibu, mahakama inaandika kwamba amekana, na kesi inaendelea vilevile. Yaani mtu ambaye dhamiri inamsuta anaweza kunyamaza tu, asipoteze haki yake hata moja. Mimi simhukumu rafiki yangu kwa "si kweli" yake. Ila ningekuwa mimi, kwa ninavyolijua sasa, ningenyamaza.

Lakini kupanda kizimbani, kuapa, na kusema "alikunywa mbili"? Hapo hakuna mjadala. Hilo halisemi "thibitisheni." Hilo linamwambia hakimu jambo lililotokea, na jambo lenyewe halikutokea. Ni ushuhuda wa uongo, amri ya nane, tena chini ya kiapo, jina la Mungu likiwa dhamana. Nilimwambia simuni palepale: "Nikiitwa nitakuja. Nikiulizwa nitasema tano." Akakata simu. Hatukuongea miezi minne, na Dominika tulikuwa tunasimama safu moja ya kwaya.

Siku moja kabla ya hapo aliwahi kuniambia, "Sikuwa mimi kaka, ilikuwa pombe." Wengi tunalisema hili, na lina ukweli kidogo, kwani mtu aliyelewa kweli hana akili yake timamu. Lakini Aristotle anasimulia habari za mtawala mmoja wa Ugiriki ya kale, Pittacus, aliyeweka sheria kwamba atakayekosa akiwa amelewa apewe adhabu kubwa kuliko aliyekosa akiwa mzima. Kwa hasira za kisasa unaweza kusema ni ukatili. Lakini Aristotle mwenyewe, akizungumzia adhabu ya namna hiyo, anaeleza kwamba chanzo kimo ndani ya mtu, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kutolewa. Ukilitazama hivyo, kosa la rafiki yangu halikufanyika kwenye kona. Kwenye kona hakuwa na uwezo tena. Lilifanyika alipofungua bia ya kwanza funguo ya gari ikiwa mfukoni, na hajamwambia mtu yeyote aichukue. Katekisimu, namba 2290, inauita hatari mtu anayowaletea wengine barabarani kwa ulevi kuwa ni hatia nzito, na haisemi lazima uwe umemgonga mtu. Wangapi tumerudi nyumbani salama na tukaita bahati?

Na mimi niliyefungua geti? Mwaka 2007 Vatikani ilitoa miongozo ya kichungaji kuhusu barabara, ikiwemo amri kumi za madereva. Mojawapo inatutaka tuwashawishi kwa upendo vijana, na wasio vijana, wasiendeshe wakiwa hawako katika hali nzuri. Mimi nilisema "taratibu." Hakuna aliyenishtaki. Nililipeleka kitubioni, maana hakuna mahakama nyingine iliyolitaka.

Yeye naye alikwenda kuungama, wiki ileile ya ajali. Na ndiyo hoja aliyokuwa ananipiga nayo: "Padre ameshaniondolea. Mungu kanisamehe, Jamhuri ni nani?" Inapendeza kuisikia, lakini ina tundu. Maondoleo yanafuta dhambi, hayaungi mfupa. Katekisimu inasema hivyo katika namba 1459, kwamba dhambi nyingi humdhuru jirani na ni lazima kufanya linalowezekana kurekebisha. Zakayo hakungoja kushtakiwa ili aahidi kurudisha mara nne. Na yule kijana wa boda alikuwa na pikipiki ya mkataba. Kila jioni tajiri anataka hesabu yake, iwe umepata abiria au hujapata. Mguu wake ulipofungwa plasta, hesabu ilisimama, na mkataba ukafa baada ya mwezi mmoja.

Hapa sikukubaliana na wakili. Alimkataza rafiki yangu kwenda hospitali, akisema lolote atakalotamka pale linaweza kuletwa mahakamani. Kisheria namwelewa. Lakini kijana wa watu analala kitandani miezi, na aliyemgonga hajamwambia hata pole, kwa sababu pole ni ushahidi? Mama yake ndiye aliyeikata hiyo kamba. Alibeba chupa ya uji na matunda, akaenda mwenyewe kila Jumatano, bila kumuuliza wakili wala mwanawe. Hakuzungumzia kesi. Alikuwa anamlisha, anafua shuka, anarudi. Miongozo ile ya barabara inasema pia kwamba wakati ufaao ukifika, dereva mwenye kosa na aliyeumizwa wakutanishwe, ili waonje msamaha. Huyu mama sidhani kama aliwahi kuisoma.

Kesi ikaisha. Kwa uzembe alilipa faini. Kwa ulevi mahakama iliona ushahidi hautoshi, akaachiwa. Askari hakuweza kueleza kifaa kilikaguliwa lini. Sikuitwa. Tulipotoka nje ndugu zake walimkumbatia, mjomba akapiga vigelegele kama mwanamke, mtu mmoja akasema twendeni tukasherehekee. Rafiki yangu akawa amesimama tu, ameshika karatasi zake. Leseni anayo, kazi anayo. Kwa Jamhuri hakuwa amelewa usiku ule. Nafikiri ndipo ilipomwingia kwamba sasa amebaki yeye peke yake anayeweza kusema ni kweli.

Jumamosi iliyofuata akaenda na mama yake. Sikuwepo, kwa hiyo sitaandika waliyosemezana. Ninachojua ni kwamba alianza kumpelekea yule kijana fedha kila mwisho wa wiki, kiasi cha ile hesabu, na alifanya hivyo mpaka alipopata pikipiki nyingine, miezi tisa baadaye. Hakuna hati wala amri ya mahakama. Kijana anachechemea mpaka leo, hasa asubuhi kukiwa na baridi, na anasema msamaha ametoa, ila mvua ikinyesha anakumbuka.

Mimi na rafiki yangu tunaongea. Si kama zamani. Mwezi uliopita kulikuwa na Kipaimara nyingine parokiani, tukakaa meza moja. Kabla hajagusa chupa alitoa funguo mfukoni, akanisukumia mezani bila kusema kitu. Nikaziweka kwenye mfuko wa shati, nikaagiza soda.