Sauti Hii ni ya Nani?

Mpini wa jembe ukivunjika, mkulima huchonga mwingine. Baadaye jembe lenyewe likilika, hununua chuma kipya akakitia kwenye mpini ule ule. Ukimwuliza, atakujibu bila wasiwasi: "Hili ni jembe la babu." Tunacheka. Lakini tunacheka nini hasa? Swali hilo nililiona la kitoto mpaka siku nilipobadilisha spika ya amplifaya ya marehemu baba mdogo.

Baba mdogo alipiga gitaa la solo mjini Morogoro. Hakuwa na jina kubwa. Alipiga kwenye baa na harusini, siku nyingine kwa nauli tu. Alipofariki aliniachia gitaa na amplifaya yenye spika moja ya inchi 12. Karatasi ya spika hiyo ilikuwa imechanika mahali pawili, naye alikuwa ameiziba kwa gundi na vipande vya gazeti. Ukipiga polepole ilisikika vizuri. Ukiongeza sauti ilianza kukwaruza, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema. Wenzangu wa bendi wakachoka. "Bwana, hiyo inatuaibisha," walisema. Basi, tukachanga.

Fundi redio aliniuliza mambo mawili tu: omu ngapi, wati ngapi? Aliponiona nimeduwaa, akanifungulia darasa palepale. Nyuma ya karatasi kuna koili ya waya mwembamba, imekaa katikati ya sumaku. Umeme wa amplifaya ukipita kwenye koili, karatasi inasukumwa mbele na nyuma. Uzi wa tano wa gitaa ukiupiga wazi, karatasi inakwenda na kurudi mara 110 kwa sekunde moja! Omu zisipolingana unaweza kuharibu amplifaya. Wati za spika zikiwa chache, inaungua spika. Tena, eti wati si kila kitu: ukitoa spika ya desibeli 97 ukaweka ya desibeli 100, ni kama umeongeza nguvu ya amplifaya mara mbili, na amplifaya yenyewe hujaigusa.

Tukafunga mpya. Ile ya zamani nikamwachia fundi, akanipunguzia bei kidogo.

Kweli sauti ilitakata. Lakini kitu cha kwanza nilichokisikia kwa utakatifu huo ni makosa yangu: kidole kilichochelewa, uzi uliobanwa nusu. Kumbe ile mikwaruzo ilikuwa inanisitiri! Nikajifariji: vyema, sasa nitajifunza.

Jioni nikawa nafanya mazoezi uani. Mama mdogo akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Leo nani anapiga?"

"Ni mimi, mama."

Akasikiliza kidogo. "Ile nyingine ilikuwa ikilia, naona kama baba yako mdogo yupo." Akarudi jikoni. Hakunilaumu. Ndiyo maana iliniuma.

Sasa, msomaji, tuamue pamoja. Wapo watakaosema sauti iko kwenye vidole, spika ni chombo tu. Hoja yao ina nguvu. Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979. Leo vijana wanamsikiliza kwenye spika ya simu, ndogo kuliko ukucha, na bado gitaa lake wanalitambua. Kama sauti ingekuwa mali ya spika, Mbaraka angekuwa amekufa mara ya pili.

Lakini wapo wengine wenye ushahidi wao. Mwaka 1958 huko Marekani, Link Wray alitoboa spika kwa makusudi ili apate mkwaruzo alioutaka katika "Rumble". Mwaka 1964, London, Dave Davies wa kundi la The Kinks alichana karatasi ya spika yake kwa wembe, na mngurumo wake ukasikika dunia nzima katika "You Really Got Me". Hao walikiharibu chombo ili kiwe bora. Kwa hiyo "bora" na "safi" si ndugu wa tumbo moja. Kila unaposikia neno bora, uliza: bora kwa sikio la nani?

Hapo nilitaka kujihukumu kwamba nimemzika baba mdogo mara ya pili. Nikajizuia. Link Wray alichagua tundu lake; baba mdogo hakuchagua gundi na gazeti. Hakuwa na hela, basi. Tukiugeuza umaskini wa marehemu kuwa ndiyo ladha yake, tunamdhulumu akiwa kaburini. Nadhani angepata spika mpya angeifunga siku hiyo hiyo, tena kwa kuimba.

Basi kosa langu ni nini? Si kubadilisha. Kosa ni kwamba niliirithi amplifaya nikadhani nimerithi na masikio yote yaliyoizoea. Chombo kilikuwa changu, lakini ule mkwaruzo ulikuwa na mwenyewe mwingine, aliyeusikiliza miaka mingi akiwa jikoni. Jembe linabaki la babu kwa sababu wote wanaolima nalo wamekubali kuliita hivyo. Mimi sikumwita mtu yeyote kwenye kikao. Niliwauliza wenye bendi tu.

Nilirudi kwa fundi kuidai ile spika. Alikuwa ameshaichambua. Ilibaki sumaku na fremu tupu. Karatasi, pamoja na gundi yake na gazeti lake, ilikwishatupwa.

Nikaenda kumweleza mama mdogo yote, hata lile la bei kupunguzwa. Alinyamaza muda mrefu, akichambua mchele. Kisha akasema: "Hiyo mpya piga tu, mwanangu. Lakini siku nyingine uniulize."