Picha ya Ua na Siri ya Mahali

Kiswahili husema kwamba mtu hupiga picha; Kiingereza husema kwamba huichukua. Tofauti hii ya vitenzi yaficha swali la maadili: je, apigaye picha ya ua la mwituni huchukua kitu chochote? Aghalabu hujibiwa kwamba hachukui. Achumaye ua amelipunguza konde. Apigaye picha ameondoka na kivuli tu, na ua limebaki kwenye shina lake likimngoja nyuki.

Jibu hili ni zuri, lakini halitoshi. Tutazame Uingereza, ambako majira ya kiangazi watu wengi hutoka mijini na kamera zao. Huko kuna okidi iitwayo kwa Kilatini Cypripedium calceolus, yenye ua la manjano mfano wa kiatu. Watu wa karne ya 19 waliipenda mno, wakaing'oa kwa ajili ya bustani na makusanyo yao, hata mwaka 1917 ikatangazwa kwamba imetoweka nchini. Mwaka 1930 ulionekana mmea mmoja tu katika mabonde ya Yorkshire. Waliouona waliificha habari hiyo. Kwa miongo mingi mahali pake palijulikana na watu wachache, na hatimaye uliwekewa walinzi kila ulipochanua. Kizuri chajiuza, walisema wahenga. Okidi hii ilijiuza hata ikakaribia kwisha.

Lau mmoja wao angalitangaza picha inayoonyesha ua pamoja na kilima kilicho nyuma yake, mkono wake usingaligusa hata jani, lakini angalikuwa amemwonyesha mwizi njia. Leo hatari imezidi, kwa kuwa simu huweza kuhifadhi ndani ya picha alama za mahali ilipopigwa.

Yuko atakayeuliza: uzuri uliofichwa wamfaa nani? Hoja hii ina uzito. Kati ya miaka ya 1930 na ya 1980, asilimia 97 hivi ya malisho yenye maua ya mwituni yalitoweka katika Uingereza na Wales. Walioyamaliza si wapiga picha. Ni jembe la trekta na mbolea za viwandani, huku watu wengi wakikaa kimya. Mtu hakitetei asichokijua.

Basi tusichanganye mambo mawili. Elimu ya ua haipungui kwa kugawanywa. Ua lenyewe hupungua. Umbo lake, jina lake na majira yake na vitangazwe kwa wote. Mahali pake pasitajwe maadamu ni dhaifu. Ndivyo ilivyotendeka kwa okidi ile. Mbegu zake zilioteshwa katika bustani ya Kew, miche ikarudishwa porini, na mwaka 2000 mmoja wa miche hiyo ukachanua kwa mara ya kwanza. Baadaye watu wote walipata mahali pa wazi pa kuitazama. Siri ilikuwa mlezi, haikuwa kaburi.

Walimu wenzangu, tunapowatuma wanafunzi wetu kupiga picha za mimea ili waandike insha, tuwape maswali mawili ya kujiuliza kwanza: nimekanyaga nini ili nikione hiki? Na ni nani atakayefika hapa kesho kwa sababu ya picha yangu? Ajibuye vema maswali haya na apige picha kwa moyo mweupe.