Bastola ya Bei Nafuu

Kuna maswali ambayo mtu hujiuliza kwa sauti kubwa ili asilisikie jingine linalomnong'oneza. Mimi kwa muda wa miezi miwili nilijiuliza hivi: ni bastola ipi inayonifaa, yenye umbo la zamani, imara, na ambayo mfuko wangu unaimudu? Lilikuwa swali zuri. Lilikuwa na majibu, nami niliyatafuta kwa bidii ya mwanafunzi anayengoja mtihani. Ndugu msomaji, sikusimulii habari hii kwa kuwa mimi ni bingwa wa silaha. Nakusimulia kwa sababu swali lile lilinifikisha mahali ambapo sikutaka kufika.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nami naishi Houston, katika jimbo la Texas, nchini Marekani. Usiku mmoja mwizi aliingia nyumbani kwetu. Sote tulikuwa tumelala na hakuna aliyesikia kitu. Asubuhi tuliukuta mlango wa nyuma umevunjwa, televisheni haipo, na mkoba wa mke wangu haupo. Hayo tungeyasahau. Ambalo halikusahaulika ni alama ya kiatu chenye matope mbele ya mlango wa chumba cha watoto. Mtu yule alisimama pale. Alifikiri nini, alisikiliza nini, hatutajua. Tangu siku hiyo nikawa nalala kama paka, jicho moja wazi.

Jirani yangu ni mzee aliyepigana Vietnam. Nilipomweleza, hakuuliza kama nataka bastola. Aliuliza nina kiasi gani cha fedha. Akaniambia kwamba kwa mtu anayeanza, na anayependa kitu cha kudumu, yeye angemshauri ile aliyoibeba vitani, nayo inaitwa 1911.

Jina hilo ni la mwaka. Jeshi la Marekani liliipokea rasmi bastola hiyo mwezi Machi 1911, na ikaendelea kuwa bastola yake rasmi mpaka mwaka 1985. Aliyeibuni ni John Moses Browning, mtoto wa fundi bunduki, aliyezaliwa mwaka 1855 katika mji wa Ogden, Utah. Kabla ya kupokewa ilijaribiwa kwa risasi 6,000 na haikukwama hata mara moja. Ni chombo cha chuma chenye uzito unaozidi kilo moja kidogo kikiwa kitupu. Magazini yake ya kawaida huchukua risasi saba, nene, zenye kipenyo cha inchi 0.45. Haifyatuki mpaka nyundo yake iwe imevutwa nyuma kwanza. Ina vizuizi viwili vya usalama: kimoja husukumwa kwa kidole gumba, na kingine kiko nyuma ya mpini, ambacho hakiachii mpaka kiganja kiushike mpini sawasawa. Mzee yule aliniambia, "Bastola hii inataka mtu aliye macho. Ukiwa umelala, usiiguse."

Ushauri wake juu ya ununuzi ulikuwa wa busara, na aliye na haja nao nampa kama nilivyopewa. Chukua ya ukubwa kamili, yenye mtutu wa inchi tano, ya chuma kitupu. Zile fupi na nyepesi hupiga teke zaidi mkononi na husumbua mtu asiyezoea. Usinunue nakshi. Mwanzoni chagua kiwanda chenye kutoa dhamana na ambacho vipuri vyake hupatikana. Na usimalize fedha zako zote kwenye bastola: weka sehemu kubwa kwa risasi za mazoezi, kwa mwalimu, na kwa kisanduku cha chuma chenye kufuli. Anayenunua bastola bila mazoezi, alisema, amenunua kelele.

Kuhusu bei nilijifunza hivi. Hataza ya Browning ilikwisha muda wake zamani sana, kwa hiyo kiwanda chochote chaweza kuifua bastola yake. Ile ya Colt, kampuni iliyoitengeneza tangu mwanzo, huuzwa kwa karibu dola elfu moja au zaidi. Lakini zipo zinazotoka Uturuki, kama zile za kiwanda cha Tisaş cha Trabzon, na zipo zinazotoka Ufilipino, za kiwanda cha Armscor kilichoko Marikina, karibu na Manila, ambazo huuzwa kwa jina la Rock Island Armory. Hizo hupatikana kwa nusu ya bei ya Colt, pengine hata chini ya hapo, na watu wazitumiao huzisifu. Mimi niliamua kuchukua ya Ufilipino.

Nilipouliza kwa nini Ufilipino, nilikuta habari iliyonikosesha raha. Marekani iliitwaa nchi hiyo kutoka kwa Hispania mwaka 1898. Kusini, katika visiwa vya Mindanao na Sulu, wenyeji Waislamu waitwao Wamoro walikataa kutawaliwa. Askari wa Kimarekani walilalamika kwamba risasi ndogo za bastola zao hazikutosha kumsimamisha Mmoro aliyekuja mbio na upanga. Mwaka 1904 afisa mmoja, John T. Thompson, na daktari wa jeshi, Louis LaGarde, walipewa kazi ya kupima risasi. Waliwapiga ng'ombe hai katika machinjio ya Chicago, wakapiga na maiti za watu, kisha wakashauri bastola ya jeshi isipungue inchi 0.45. Mwezi Machi 1906, katika mlima wa Bud Dajo kisiwani Jolo, majeshi hayo yaliwaua Wamoro kwa mamia, wanawake na watoto wakiwamo. Miaka mitano baadaye ikapatikana bastola ya kipimo kile kilichoshauriwa. Leo mikono ya Wafilipino ndiyo inayoifua kwa bei nafuu, na wanunuzi ni Wamarekani, na wageni kama mimi.

Sisemi kwamba fundi wa Marikina anatenda dhambi. Ana watoto, anatafuta riziki, na kazi yake ni safi. Wala Browning simhukumu. Lakini habari ile ilinionyesha kwamba ubora wa chombo ni jambo moja na wema wa kuwa nacho ni jambo lingine, na kwamba fundi haamui kazi yake itaishia wapi. Mwaka 1914, Gavrilo Princip alimpiga risasi mwanamfalme wa Austria mjini Sarajevo kwa bastola nyingine ya ubunifu wa Browning huyo huyo, ndogo, iliyotengenezwa Ubelgiji. Vita vilivyofuata vilikuwa na sababu nyingi, lakini cheche ilikuwa ile, na moto wake ulifika kwetu. Waafrika kwa maelfu walikamatwa kubebeshwa mizigo ya majeshi ya Waingereza, na kikosi chao kilichoitwa Carrier Corps kimetuachia majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Utotoni nilipita Kariokor mara nyingi nikienda kwa shangazi, na sikujua kwamba natembea juu ya jina la wapagazi wale.

Hata hivyo nilikwenda dukani. Binadamu huweza kujua na bado akatamani. Muuzaji, kijana mpole, aliitandaza bastola juu ya kitambaa, akanihakikishia kuwa ni tupu, akaniruhusu kuishika. Nakiri niliipenda. Ilikaa kiganjani kama jembe linavyokaa mkononi mwa mkulima. Bei yake ilikuwa ndani ya uwezo wangu. Nilijiona baba mlinzi.

Akanipa fomu ya serikali, nambari 4473. Huulizwa humo kama wewe ndiye mnunuzi wa kweli, kama umewahi kupatikana na hatia ya kosa kubwa, kama unatumia dawa za kulevya, kama mahakama au mamlaka imewahi kuamua kwamba akili yako ina kasoro au kukulazimisha kulazwa hospitali ya akili. Kisha habari zako hupelekwa serikalini, na mara nyingi jibu hurudi baada ya dakika chache. Kwetu Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka mwombaji awe na sababu nzuri. Fomu ile haikuniuliza sababu. Mimi ni mkazi wa kudumu mwenye karatasi halali, na maswali yote ningeyajibu bila uongo.

Nilipofika kwenye swali la akili, kalamu ikasita. Jibu la haki lilikuwa "hapana". Hakuna mahakama iliyowahi kunijadili. Lakini miaka minne kabla ya hapo baba yangu alifariki Mombasa, nami nikashindwa kwenda kumzika kwa sababu karatasi zangu za uhamiaji zilikuwa bado. Nilimzika kwa simu. Baada ya hapo zilinijia nyakati za giza. Nilikuwa nikikaa jikoni usiku wa manane, taa imezimwa, nikiwaza kwamba labda jamaa zangu wote wangepumzika kama mimi nisingekuwepo. Fikira ile ilikuja, ikakaa, ikaondoka, kisha ikarudi. Sikumwambia mtu. Fomu haikuniuliza habari za jikoni.

Nikamwambia kijana nitarudi kesho.

Nyumbani nilimweleza mke wangu mambo ya bei, mtutu, dhamana na kisanduku cha chuma. Alinisikiliza mpaka mwisho akikunja nguo za watoto. Kisha akasema, "Baba watoto, mwizi kaja mara moja. Ile huzuni yako je, imekuja mara ngapi?"

Nilidhani hajui. Alikuwa akiniona miaka yote minne, akijifanya amelala.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikiusema msemo huo juu ya marafiki wanafiki na ndugu wenye husuda. Usiku ule niliuelewa upya. Mwaka 2021 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa risasi nchini Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Hawakuuawa na mwizi mwenye matope kiatuni. Wengi wao, nadhani, walinunua silaha zao kwa nia njema, wakiulinda mlango, na adui alikuwa amekwisha kuingia zamani. Saa ya giza hupita; mimi nimeiona ikipita mara nyingi. Lakini ilipita kwa sababu palikuwa na umbali kati ya fikira na tendo. Bastola nzuri huufuta umbali huo, na kadiri ilivyo nzuri ndivyo inavyoufuta zaidi. Risasi 6,000 bila kukwama ni sifa ambayo mtu wa aina yangu hapaswi kuitafuta.

Msomaji anaweza kunipinga: je, mtu asiilinde nyumba yake? Ni haki yake kuilinda, na kwa baba ni wajibu. Sijasikia dini inayomkataza mtu kuwatetea watoto wake. Jirani yangu amekaa na bastola yake zaidi ya miaka hamsini kwa amani na kwa nidhamu, na simwoni kuwa mjinga wala mbaya. Ninachosema ni kwamba anayechagua silaha huuliza maswali mengi juu ya silaha na machache juu ya mchaguaji. Huuliza chuma ni cha namna gani, wala haulizi moyo ni wa namna gani. Huuliza kizuizi cha usalama kiko wapi katika bastola, wala haulizi kiko wapi ndani yake mwenyewe. Swali la pili sheria haiwezi kumwulizia. Ataliuliza yeye, au mtu ampendaye kiasi cha kuthubutu.

Sikurudi dukani. Tuliweka mlango mwingine wa nyuma, wenye fremu ya chuma na komeo mbili, na taa inayowaka yenyewe mtu akipita. Nilikwenda kwa daktari, jambo lililokuwa gumu kwangu kuliko kununua bastola, maana wanaume wa kwetu hawakufundishwa kusema "nina huzuni" kwa mtu aliyevaa koti jeupe. Fedha zilizosalia zikawa mwanzo wa akiba ya nauli. Mwaka uliofuata, karatasi zikiwa tayari, nilifika Mombasa, nikaoneshwa kaburi la baba, nikasoma Fatiha, nikakaa pale mpaka adhana ya alasiri.

Katika Kiswahili chetu neno moja linatumika kwa bei ndogo na kwa mgonjwa anayeanza kupona: nafuu. Nilikuwa nikitafuta nafuu, nikadhani ni ile ya bei.

Jumamosi moja moja naongozana na mzee kwenye uwanja wa shabaha. Hunipa ile 1911 yake, nami hupiga karatasi, na bado naona kuwa ni kazi ya fundi mkubwa. Tukimaliza huihakiki kuwa ni tupu, huifunga kisandukuni, akaenda nayo kwake. Mimi hurudi kwangu mikono mitupu. Usingizi wangu si wa jicho moja tena, ingawa mbwa wa jirani akibweka bado huamka, nikaenda kutazama mlango wa chumba cha watoto.