Mwanachuoni, Mshahara na Ukweli wa Mawe

Miongoni mwa maswali yanayomkabili kila mwenye elimu, na hasa mwalimu, liko moja ambalo halina budi kuulizwa hata kama linaudhi. Mtu anayeijua kweli, naye anakula mshahara wa serikali isiyoitaka kweli hiyo, anadaiwa nini, na anayemdai ni nani?

Sisi wa Igamba, katika nchi ya Wanyiha, twaweza kulitazama swali hili kwa karibu. Katika wilaya yetu hii, huko Ndolezi, kimelala kimondo cha Mbozi, donge la chuma lenye uzito wa zaidi ya tani 10. Maandishi mengi husema kwamba kimondo hicho kiligunduliwa mwaka 1930 na mpimaji ardhi, ilhali wenyeji walikijua tangu zamani. Wala wenyeji hao hawakuwa wageni wa chuma, kwa maana mababu wa Wanyiha walijenga matanuru marefu ya udongo, wakayeyusha mawe yenye chuma, wakafua majembe na mikuki. Neno moja tu, kugundua, limetosha kuwasahaulisha wote hao. Tarehe ni sahihi, na mpimaji alifika kweli. Hata hivyo msomaji hufunga kitabu akiwa ameamini jambo lisilokuwa kweli.

Tumtwae basi mtu aliyelazimika kulijibu swali letu kwa vitendo. Peter Garlake alizaliwa Cape Town mwaka 1934, akasomea uchoraji wa majengo. Kati ya mwaka 1962 na 1964 alifanya kazi katika pwani yetu chini ya taasisi ya Waingereza iliyoshughulikia historia na akiolojia ya Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kupima na kuchora misikiti, majumba na makaburi ya zama za kati, na matunda yake yakatoka katika kitabu mwaka 1966. Twaomba msomaji asiidharau kazi ya namna hii. Mtu anayepima ukuta kwa futi na inchi hulazimika kuyatazama mawe kama alivyoyatazama fundi aliyeyapanga. Huona jinsi matumbawe yalivyotolewa baharini yangali laini, yakachongwa kuwa mihrabu na nakshi kabla hayajakauka na kuwa magumu. Huko Kilwa Kisiwani lipo Husuni Kubwa, jumba alilolijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14. Ibn Battuta alifika Kilwa katika siku za mfalme huyo, mwaka 1331.

Utajiri uliolijenga jumba hilo ulitegemea sana dhahabu, nayo dhahabu ilitoka bara, ikapitia Sofala. Huko bara ulisimama mji wa Zimbabwe Kuu, wenye kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa wala udongo, na ukuta mmojawapo unafikia kimo cha mita 11 hivi. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana huko huko Zimbabwe. Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba Garlake, baada ya Kilwa, alishika kazi upande wa pili wa njia hiyo ya dhahabu. Mwaka 1964 alikuwa mkaguzi mkuu wa mambo ya kale katika Rhodesia ya Kusini.

Mwaka uliofuata, tarehe 11 Novemba 1965, walowezi chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru wao. Watu wa huku kwetu hawahitaji kuelezwa sana matokeo yake: Zambia ilipobanwa upande wa kusini, malori yakaanza kumiminika Tunduma, na baadaye reli ya TAZARA ikajengwa ikipita Vwawa. Lakini utawala ule ulihitaji pia historia ya kuutetea. Kama Waafrika ndio waliojenga Zimbabwe Kuu, basi dai la walowezi kwamba wao ndio walioleta ustaarabu linaanguka. Na wataalamu walikwisha kulimaliza jambo hilo zamani. David Randall-MacIver alisema mwaka 1905 kwamba mji ule ni kazi ya Waafrika wa zama za kati, na Gertrude Caton-Thompson akathibitisha kwa uchimbaji wa mwaka 1929.

Sasa hapa ndipo penye kiini cha mambo. Watawala hawakumtaka Garlake aseme waziwazi kwamba Wafoinike au Malkia wa Sheba ndiye aliyejenga. Walichotaka ni kwamba maelezo rasmi yasiwe na upande, yaani kila nadharia ipewe nafasi yake, ile ya Waafrika ikiwa mojawapo tu. Agizo kama hilo lina sura ya haki, hata mtu mwema aweza kudanganyika nalo. Lakini hakimu anayeweka mezani ushahidi wa mashahidi kumi na uvumi wa mtaani, kisha akawaambia watu wachague wenyewe, hakutenda haki kwa pande zote mbili. Amempendelea mwenye uvumi. Garlake alikataa, na mwaka 1970 akaiacha kazi na nchi pia. Alikwenda Ife, Nigeria, akautafiti mji huo wa kale. Mwaka 1973 akatoa kitabu chake juu ya Zimbabwe Kuu, ambamo aliyaeleza yale aliyozuiwa kuyaeleza alipokuwa mkaguzi. Kisha akafundisha London.

Wapo watakaosema kwamba mtumishi wa serikali humtii mwajiri wake, na kwamba kila mmoja akifuata dhamiri yake kazi hazitakwenda. Hoja hii si ya kupuuzwa, na sisi walimu twaijua vizuri. Lakini mshahara ule ulilipwa ili mawe yatunzwe na yaelezwe; mtu akilipwa kwa kupima kisha akaamrishwa kughushi kipimo, aliyevunja mapatano ni yule aliyeamrisha. Hata hivyo tusimpambe Garlake kupita kiasi. Yeye alikuwa na taaluma iliyotakiwa kwingineko, na aliweza kuondoka. Vibarua Waafrika waliofanya kazi kwenye magofu yale, ambao pengine walijua kwa masimulizi ya wazee yale aliyoyajua yeye kwa vipimo, hawakuwa na Ife ya kukimbilia.

Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980 ikatwaa jina la mji ule ule, naye Garlake akarudi mwaka 1981, akaandika vijitabu vyepesi kwa ajili ya watu wa kawaida. Mtu angedhani kwamba sasa amestarehe miongoni mwa waliomwunga mkono. La hasha. Kilipotoka kitabu kimoja mwaka 1983, kilichoisifu Zimbabwe ya kale kwa mambo yaliyopita ushahidi, Garlake alikikosoa hadharani mwaka uliofuata, ingawa kilielemea upande uleule alioupoteza ukazi wake kwa kuutetea. Kwetu sisi kitendo hiki cha pili kina uzito kuliko kile cha kwanza. Kumkatalia adui ni kugumu, lakini adui hakukaribishi nyumbani kwake. Rafiki humkatalii bila kusutwa.

Garlake alifariki mwaka 2011, baada ya miaka mingi ya kuchunguza michoro ya mapangoni ya Zimbabwe. Mwanafunzi wa Mbozi anayetaka kuandika juu ya matanuru ya Wanyiha hana haja ya kwenda mbali kupata kazi kama yake. Achukue futi kamba na daftari. Apime kimo cha tanuru lililosalia na upana wa tako lake, ahesabu matundu ya kuingizia hewa, akusanye mavi ya chuma na kuandika yalipookotwa. Kisha awaulize wazee wa koo mbili tofauti, kila mmoja peke yake, nani alijenga; na majibu yakipingana, ayaandike yote mawili pamoja na sababu zinazolifanya moja liaminike kuliko jingine, hata kama hilo linaloaminika si la ukoo wake.