Nani Anakaa Kati?

Kila mtoto wa Nairobi aliyecheza kati anajua kwamba katikati si mahali pa starehe. Wawili wanasimama huku na kule wakirusha mpira wa makaratasi, na wewe uliye kati unakwepa. Ukigongwa, umetoka. Kwa hivyo nikisikia mtaala wa CBC unataka mwanafunzi awe katikati ya somo, huwa najiuliza: katikati ipi?

Tuchukue P.E. Chini ya 8-4-4, iliyoanza 1985, kipindi hicho kilikuwa kwenye ratiba, lakini shule nyingi zilikitumia kumalizia hesabu. Sasa tunaambiwa ticha apunguze amri na filimbi. Wanafunzi wachague mchezo, wapange timu, watunge sheria. Nani atapinga? Watoto wa mtaani walianza haya kitambo, bila mtaala. Sheria za kati hubadilika ukivuka barabara tu, na zilitungwa na watoto kwa kelele na maelewano.

Lakini hebu tuwe wakweli. Wape watoto 50 mpira mmoja na uhuru, halafu uone. Wakali wawili watajitangaza manahodha. Watachagua marafiki zao, kisha wenye mbio, kisha wenye viatu. Watakaobaki ni yule mnene, yule mwenye pumu, na yule msichana anayeambiwa mpira si wa wasichana. Hao wataachiwa kazi ya kushika masweta. Wanafunzi wameamua wenyewe, sawa. Je, ni haki?

Mimi nasema hapana. Uhuru wa kundi si uhuru wa kila aliye ndani yake. Ticha anayekaa kivulini akisema "wamejichagulia" hajawapa wanafunzi nafasi. Amewaachia wenye nguvu nafasi yake. Kumweka mwanafunzi katikati ni kazi ngumu kuliko kupuliza filimbi. Ni kuwauliza washika masweta ni sheria gani ingewarudisha uwanjani, kisha darasa zima liijaribu. Pengine bao lihesabiwe tu ikiwa kila mchezaji ameugusa mpira. Pengine mwenye pumu ashindane na muda wake mwenyewe wa wiki jana.

Kuna atakayesema hivyo tutakosa mabingwa. Haya, tumtazame bingwa. Mwaka 2019, jijini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40. Wengine walikuwa mbele yake na nyuma yake, wakipokezana, wakimkinga upepo na kumshikia kasi. Naye pia alikuwa kati, ila hakuna aliyekuwa akimrushia kitu.

Kama bingwa wa dunia alihitaji kuzungukwa hivyo, mtoto mwenye pumu anadaiwaje ajipange peke yake?